Elimu na Haki ya Kiumbe Asiyesema

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi na akajua mahali pake na riziki yake. Na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyefundisha rehema kwa mdogo na mkubwa, kwa mwenye kusema na asiyesema.

Amma baada ya hayo, swali tulilokusudia kulitazama katika kurasa hizi ni moja, na kuliuliza ni wepesi kuliko kulijibu. Je, mtu mwenye kutafuta elimu ana ruhusa ya kumuumiza mnyama ili aipate elimu hiyo? Na kama anayo ruhusa, yaanzia wapi na yakomea wapi?

Huenda msomaji akasema: "Jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Ujiji na Kigoma? Sisi ni watu wa dagaa na migebuka, wa michikichi na biashara ya ziwani. Maabara wafungiwamo wanyama ziko Ulaya na Marekani." Twamjibu ya kwamba latuhusu kuliko watu wengi wa dunia, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza, chanjo wapewazo watoto wetu na dawa tunywazo tukiugua nyingi zao zilijaribiwa kwanza katika miili ya wanyama. Basi sote tumekula katika sahani hiyo, tujue tusijue, na mwenye kula hana budi kuuliza chakula kimetoka wapi. Ya pili, kiasi cha maili 10 kaskazini ya Kigoma, baina ya kijiji cha Mtanga na kijiji cha Mwamgongo, upo msitu wa Gombe. Na ni katika msitu huo ilipoanzia kazi ya mwanachuoni mmoja ambayo mwisho wake uliifika milango ya maabara hizo na kuibisha kwa nguvu.

Mwanachuoni huyo ni Jane Goodall, mwanamke wa Kiingereza, aliyeshuka katika ufuo wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, umri wake miaka 26, pamoja na mama yake. Alikuwa ametumwa na Louis Leakey, mtaalamu wa Nairobi, aje awatazame sokwe. Wakati ule hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa na daftari, darubini na subira. Alipanda milima akifuatana na watu wa kumwonyesha njia, miongoni mwao Rashidi Kikwale, na kwa miezi mingi sokwe walimkimbia kila walipomwona. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akiingiza jani la nyasi katika kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa, akawala. Mpaka siku ile wataalamu walikuwa wakisema ya kwamba ni mwanadamu peke yake atengenezaye chombo. Neno lile likaanguka.

Alipokwenda Cambridge kusoma, akapata shahada ya udaktari mwaka 1965, aliambiwa na wakubwa wa elimu hiyo ya kuwa amekosea. Alikuwa amewapa sokwe majina, naye alipaswa kuwapa nambari. Na katika makala yake mojawapo ya mwanzo, kila alipoandika neno la Kiingereza litumiwalo kwa mtu mume au mke, mhariri alilikata akaweka neno litumiwalo kwa jiwe au meza. Naye akalirudisha lile la kwanza.

Hapa na tusimame kidogo, kwani sisi tusemao Kiswahili twaweza kuona jambo ambalo wengine walilifikia kwa taabu. Lugha yetu haikuwahi kumweka mnyama pamoja na meza. Twasema meza imevunjika na kiti kimeanguka. Lakini panya amekufa, ng'ombe amezaa, sokwe amelala. Hata inzi, apigwaye kwa ufagio, twasema amekufa kama tusemavyo mtu amekufa. Wazee waliotuachia maneno haya hawakukusanyika kutunga sheria ya wanyama. Walisema tu waliyoyaona, ya kwamba kitu chenye roho hakihesabiwi pamoja na kisicho na roho. Basi ukweli ambao mhariri yule aliukata kwa kalamu yake, mtoto wa Ujiji huusema kila siku bila ya kuufikiri. Na kuusema bila ya kuufikiri, ndugu msomaji, ndiyo hatari yetu sisi. Kwani ulimi waweza kukiri jambo, na mkono ukalikana.

Sasa tutaeleza jambo lililotokea Gombe mwaka 1966, kwa kuwa ndani yake limo fundo lote la swali letu. Katika mwaka huo ugonjwa wa polio ulionekana kwa watu wa wilaya ya Kigoma, kisha ukaonekana kwa sokwe. Baadhi yao walikufa, na wengine wakabaki na mkono uliopooza maisha yao yote. Dume mmoja mzee alipooza miguu yote miwili, akawa ajikokota kwa mikono, hata walipoona hapana njia ya kumponya wakamwondolea maumivu kwa risasi. Na inafaa kusema wazi ya kwamba sokwe wengi walikuwa wamezoea kukusanyika mahali pamoja kwa sababu ya ndizi walizowekewa na watafiti ili waonekane kwa karibu. Desturi hiyo ilipunguzwa sana baadaye, na mwishowe ikaachwa kabisa. Hata mkono upendao, basi, waweza kudhuru usipojitazama.

Jane Goodall na wenzake walifanya nini? Walileta chanjo ya matone, wakaitia ndani ya ndizi, wakawapa sokwe wakala, na ugonjwa ukakoma. Jambo jema, nasi twalisifu. Lakini matone yale yalipatikanaje? Elimu ya chanjo ya polio ilijengwa juu ya mizoga ya tumbili maelfu kwa maelfu, walioambukizwa ugonjwa wapate kutazamwa, na wengine waliouawa ili figo zao zitumiwe kukuzia virusi vya kutengenezea chanjo. Na ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji, palikuwa na kambi mahali paitwapo Lindi, karibu na Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Hapo, tangu mwaka 1956, mamia ya sokwe waliokamatwa msituni walifungwa na kutumiwa katika kujaribu chanjo nyingine ya aina hiyo ya matone. Mwaka 1958 chanjo hiyo, ikiwa bado katika kujaribiwa, walipewa watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi, penye kichwa cha Tanganyika.

Tazama basi fundo lilivyokaza. Sokwe wa Gombe aliponywa kwa elimu iliyotolewa katika mateso ya tumbili, na pengine ya sokwe mwenziwe. Na mtoto wa Kigoma vile vile. Asemaye ya kwamba majaribio yote ya wanyama ni dhulma tupu, hana budi amtazame mtoto atembeaye kwa miguu yake miwili amwambie neno hilo. Na asemaye ya kwamba majaribio yote ni halali kwa kuwa yana faida, hana budi aingie kambini Lindi alitamke neno lake mbele ya vizimba. Sisi hatuthubutu kusema hili wala lile. Twataka mizani.

Watu wengi waulizwapo habari hii hujibu kwa haraka: "Mwenyezi Mungu ametutiishia wanyama, tuwapande, tuwale, tuwatumie. Basi mjadala wa nini?" Ni kweli ya kwamba ametutiishia. Walakini kutiishiwa si kumilikishwa bila ya hesabu. Baba ametiishiwa mtoto wake, na wasii wa mirathi ametiishiwa mali ya yatima, wala hakuna asemaye ya kwamba baba au wasii aweza kufanya apendavyo. Kila aliyepewa mkono juu ya mwingine amepewa na daftari la kuulizwa. Kurani Tukufu yatueleza katika Suratul An'aam ya kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi, na ya kwamba watakusanywa mbele ya Mola wao. Umma hauwi kifaa.

Na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) katika mlango huu yajulikana na kila aliyekaa darasani. Yumo mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha aende akajitafutie. Yumo mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu. Limo katazo la kumfunga mnyama akafanywa shabaha, na katazo la kumtia chapa usoni. Imo amri ya kuwa hata huyo unayemchinja kwa ajili ya chakula, jambo ulilohalalishiwa, unoe kisu chako umpunguzie taabu. Ndugu msomaji, zingatia hukumu hii ya mwisho. Uhalali wa kuchinja haukuondoa haki ya mchinjwa. Tendo ni halali, na bado lina adabu zake, na mwenye kuziacha ameasi ndani ya halali.

Na Imamu Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki Misri mwaka 1262, alizihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, akataja ya kuwa mnyama hulishwa hata akizeeka au akiugua, hata asipokuwa na faida tena kwa mwenyewe. Tulishike neno hili mkononi, tutalihitaji baadaye.

Sasa turejee kwa mwanachuoni wa Gombe. Mwaka 1986 palifanyika mkutano wa wataalamu wa sokwe huko Chicago. Jane Goodall aliingia katika mkutano ule akiwa mtafiti wa msituni, akatoka na azma nyingine. Kwani alisikia misitu inavyokwisha, na akaona habari za sokwe waliofungwa katika maabara. Mwezi wa Machi 1987 alikwenda mwenyewe katika maabara moja mjini Rockville, Marekani, walipotumiwa sokwe katika uchunguzi wa homa za ini na UKIMWI. Aliwakuta sokwe wadogo wa miaka mitatu au minne, wawili wawili katika kizimba cha upana wa inchi 22 kwa inchi 22, na urefu wa inchi 24. Msomaji achukue utepe wa fundi cherehani apime mwenyewe. Sanduku la chai la zamani halikuwa dogo kuliko hivyo kwa mbali. Na huyu ndiye mnyama ambaye msituni hupasa milima kila siku, hulala kila usiku katika kitanda kipya cha majani, na hakai mbali na mama yake mpaka apate miaka mingi.

Hakutoka akawatukana wataalamu wale. Aliandika aliyoyaona, kisha akaketi nao, mwaka baada ya mwaka, akidai vizimba vikubwa, wenzi wa kukaa pamoja, kitu cha kuchezea, na mlinzi mwenye huruma. Kwa kuwa alikuwa amekaa na sokwe huru zaidi ya miaka 25, hakuna aliyeweza kumwambia ya kuwa hajui asemalo.

Lakini madai yake yalipata jibu zito, nasi hatutalificha. Wenye maabara walisema: "Mtoto wako na sokwe huyu, ni yupi utamchagua?" Na kweli wana sehemu ya haki. Chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, ambayo leo huwalinda watoto wa dunia nzima, ilijaribiwa katika sokwe kabla ya kupewa watu. Hatuwezi kuitumia chanjo kwa mkono wa kulia na kuwalaani walioileta kwa mkono wa kushoto.

Hata hivyo, swali lile la mtoto na sokwe limefichwa ndani yake jambo lisilo kweli. Lachukulia ya kwamba kila kizimba kina mtoto mgonjwa upande wa pili, na ya kwamba mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Fikihi yatufundisha ya kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kisha yatufundisha mara moja ya kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye njaa ya kufa hula nyamafu, lakini hali mpaka ashibe akabeba na nyingine nyumbani. Basi kila penye kizimba na tuulize: Je, hapa pana dharura, au pana mazoea yaliyovaa kanzu ya dharura?

Mfano wa UKIMWI watufunza jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1980 na 1990 sokwe zaidi ya 100 walitiwa virusi vya UKIMWI vya wanadamu katika maabara za Marekani. Walitiwa kwa sababu damu yao na yetu zakaribiana. Lakini karibu wote hawakuugua. Walikaa miaka mingi nyuma ya vyuma, peke yao, wakiwa na virusi visivyowafanyia kitu, na elimu iliyopatikana ilikuwa chache kwa bei iliyolipwa.

Wakati huo huo, hapa kwetu, ilikuwa ikisitawi elimu ya namna nyingine. Wataalamu wa urithi waligundua ya kwamba vinasaba, yaani maandishi yale madogo mno yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yapatikana hata katika unywele ulioachwa kitandani na katika kinyesi kilichoanguka njiani. Mwaka 1994 walitangaza waliyoyapata katika nywele walizookota ndani ya vitanda vya majani vya sokwe wa Gombe, wakaweza kujua ni nani ndugu ya nani. Baadaye wakatumia kinyesi, wakajua hata baba wa kila mtoto, jambo ambalo jicho haliwezi kulijua. Hakuna aliyepigwa sindano, hakuna aliyefungwa, hakuna aliyetolewa tone la damu. Na waliokuwa wakipanda milima alfajiri wakiandika nani yu pamoja na nani walikuwa wengi wao watu wa mwambao huu, kama Hilali Matama, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1968. Hao ndio walioishika kazi isikatike baada ya mwaka 1975, watafiti wanafunzi wanne walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa na wageni wakaondoka.

Kwa njia hiyo hiyo ya kinyesi na mkojo, mwaka 2002 ilitangazwa ya kuwa virusi vya jamaa moja na vile vya UKIMWI vimeonekana katika sokwe wa Gombe. Na mwaka 2009, baada ya kuwafuata sokwe 94 kwa miaka tisa, wataalamu walieleza ya kwamba sokwe mwenye virusi hivyo yu katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya mwenzake wa umri ule ule asiye navyo. Majike wenye virusi walizaa kwa uchache, na watoto wao walikufa zaidi. Na elimu hiyo ya vinasaba ndiyo iliyoonyesha ya kwamba virusi vilivyoeneza maradhi makubwa kwa wanadamu havikutoka katika sokwe wa Gombe, bali katika sokwe wa Kameruni, mbali sana na ziwa letu.

Tazama ajabu hii. Jambo ambalo vizimba havikulifundisha, ya kuwa sokwe naye huugua na kufa kwa virusi vya jamaa hiyo, lilifundishwa na mtu aliyeinama njiani akaokota kinyesi kwa kijiti na kukitia ndani ya chupa. Hatusemi ya kuwa kila elimu yapatikana hivyo. Iko elimu isiyopatikana ila kwa kuugusa mwili, na mwenye kukana hilo ajidanganya. Twasema ya kwamba mwenye kukatazwa njia ya maumivu hulazimika kutumia akili kutafuta njia nyingine, na mara nyingi huikuta ni bora kuliko ile aliyoizoea. Rehema haikuizuia elimu; iliinoa.

Wapo waliolijua hili mapema. Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya Jane Goodall kushuka Gombe, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu ambamo waliweka nguzo tatu kwa kila atumiaye mnyama katika maabara: abadili, yaani atumie kitu kingine badala ya mnyama kila iwezekanapo, apunguze idadi ya wanyama, na alainishe, yaani aondoe kila uchungu usiokuwa wa lazima. Na katika Waislamu yuko Al-Hafiz Basheer Ahmad Masri, mzaliwa wa Bara Hindi, aliyekaa Afrika ya Mashariki kiasi cha miaka ishirini mpaka 1961, kisha akawa imamu wa msikiti wa Woking nchini Uingereza. Mwaka 1989 alitoa kitabu juu ya wanyama katika Uislamu, na humo hakuharamisha kila uchunguzi. Bali aliufunga kwa masharti, mnyama asiteswe wala asiharibiwe umbo, na faida iwe ya kweli.

Kwetu sisi masharti yarejea katika mambo manne ambayo kila mwenye mnyama mkononi mwake yampasa kujiuliza. Kwanza, haja hii ni ya kweli, au ni ya udadisi, cheo na biashara? Pili, hakuna njia nyingine, na je, nimeitafuta kama nitafutavyo haki yangu mwenyewe? Tatu, nimeondoa kila uchungu niwezao kuuondoa, pamoja na uchungu wa upweke na wa kufungwa, ambao hauonekani kwa damu? Nne, kazi ikiisha, mnyama huyu atakuwa nani kwangu: takataka, au mtumishi mwenye haki? Kizimba kisichoweza kujibu maswali haya na kifunguliwe.

Na milango ilifunguka, ingawa kwa polepole. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya kuwawekea sokwe waliomaliza kutumiwa mahali pa kukaa mpaka kufa kwao. Mwezi wa Desemba 2011 jopo la wataalamu waliotakwa shauri na serikali yao lilisema ya kwamba matumizi mengi ya sokwe katika uchunguzi wa tiba hayana ulazima. Mwaka 2013 taasisi za afya za nchi hiyo ziliazimia kuwastaafisha wengi wao, na mwaka 2015 zikasema hata hamsini waliokuwa wamebakizwa hawatatumiwa tena. Basi lile neno la Imamu Izzuddin, ya kuwa mnyama hulishwa hata asipokuwa na faida, lilifika Marekani baada ya zaidi ya miaka 700, bila ya wao kumjua aliyelisema.

Limebaki jambo moja zito, nasi twaomba msomaji alisikilize kwa makini. Wengi wamtetea sokwe kwa hoja ya ujamaa. Mwaka 2005 vinasaba vyake vilisomwa karibu vyote, ikaonekana ya kwamba mahali vinapoweza kulinganishwa herufi kwa herufi, yeye na sisi twahitilafiana kwa kiasi cha 1.2 katika mia. Hoja hii ina nguvu, na yawabana wenye maabara kwa maneno yao wenyewe: ikiwa sokwe yu karibu nasi hata dawa yetu ipimwe kwake, basi yu karibu nasi hata maumivu yake yahesabiwe. Hawezi mtu kumwita jamaa wakati wa kumtia sindano, na mgeni wakati wa kumsikia akilia.

Walakini hoja ya ujamaa haitoshi, na ikiachwa peke yake ina hatari. Kwani tukimwonea sokwe huruma kwa sababu afanana nasi, tutamfanya nini panya mweupe, ambaye siku hizi huzaliwa akiwa amekwisha kubadilishwa vinasaba vyake ili augue maradhi tuyatakayo? Panya ni wengi kuliko sokwe katika maabara kwa kiasi kisichokaribiana, wala hakuna awatajaye kwa majina. Rehema ipimwayo kwa kufanana ni kujipenda kuliko kurefushwa kamba. Yule mwanamke wa paka hakuadhibiwa kwa kuwa paka alikuwa jamaa yake. Aliadhibiwa kwa kuwa paka alikuwa na njaa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Hiyo ndiyo mizani tuliyokuwa tukiitafuta. Haki ya mnyama haisimami juu ya ukaribu wa damu yake na yetu. Yasimama juu ya mambo mawili: yeye aumia, na sisi tumemshika.

Wala asiseme mtu ya kwamba kwa maneno haya tumemteremsha mwanadamu. Heshima ya mwanadamu ni amana aliyopewa, na amana haionekani ila mbele ya mnyonge. Mji wetu wa Ujiji wajua habari hii. Ulikuwa kituo cha misafara, na palikuwa na zamani ambapo watu waliokuja wamefungwa walihesabiwa vichwa, kama zihesabiwavyo pembe. Mtu na mnyama si sawa, na hatusemi ni sawa. Lakini mlango wa dhulma ni mmoja, nao ni kumtazama aliye mkononi mwako ukamwona chombo. Mwenye kuzoea kuuingia kwa mdogo haoni tabu kuuingia kwa mkubwa.

Tena wako wenzetu wasemao kwa uchungu: "Wageni walia kwa ajili ya sokwe, na mtoto wa Mwamgongo hana zahanati." Uchungu huu una haki yake. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianza kazi katika vijiji vya Kigoma, ya miche, maji, afya na masomo, kwa kutambua ya kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuulinda msitu, na msitu usiolindwa hauna sokwe. Kumtendea mema mwanadamu na kumtendea mema mnyama si sahani mbili za mizani moja, ikipanda hii ishuke ile. Moyo ulio mgumu kwa mmoja ni nadra kuwa laini kwa mwingine.

Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, umri wake miaka 91. Kazi yake tumeitaja kwa kuwa ni ushahidi, nao ushahidi hupokewa kwa kila mkweli. Lakini hesabu yetu haitakuwa juu ya vizimba vya Rockville. Itakuwa juu ya kuku tumfungaye miguu na kumning'iniza kichwa chini katika baiskeli mpaka sokoni. Juu ya mbuzi asubiriye kisu akimtazama mwenziwe akichinjwa. Juu ya mtoto wetu ampigaye ngedere mawe nasi tukicheka. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, ni jambo jema. Lakini sheria haifiki kila ua na kila mtumbwi. Afikaye huko ni Mwenye kuona.

Basi na aanze kila mmoja kwa mnyama aliye karibu naye, leo, kabla jua halijazama ng'ambo ya ziwa. Amfungue aliyekazwa mno, amnyweshe mwenye kiu, anoe kisu chake. Na kijana wetu aendaye kusoma elimu ya tiba au ya urithi aende, wala asiogope, kwani elimu ni faradhi. Lakini achukue pamoja na vitabu vyake maswali yale manne, ayaweke juu ya meza ya maabara mahali atakapoyaona kila asubuhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu iliyopungukiwa na rehema. Wallahu aalam.